Kansere ya uboho: kabla ya kuuza shimo na kuvuka ziwa

Familia nyingi za wachimbaji zinaposikia "kansere ya uboho" zinafikiria mara moja India, Ulaya ao Dar es Salaam. Safari inaweza kuongeza miaka ya maisha. Inaweza pia kumaliza mali yote bila faida. Tofauti mara nyingi inaanzia hapa nyumbani, kabla pasipoti haijaombwa.

Katika machimbo ya dhahabu ya Fizi, huko Misisi, Lubichako na kwingineko, kuumwa mgongo haiko habari mpya. Mtu anayeshuka shimoni asubuhi, anapiga nyundo akiwa ameinama, anapandisha mifuko ya mawe begani, jioni lazima aumwe. Anapita kwenye famasi, ananunua diklofenake, anameza, analala. Kesho yake anashuka tena. Mara nyingi maumivu hayo ni ya kazi kweli, na yanaisha mtu akipumzika.

Lakini kuna mgongo ambao hauishi. Unauma usiku wakati mtu amelala. Unauma hata mwezi mzima bila kubeba kitu. Baadaye mbavu nazo zinaanza, mtu anapungua mwili, anachoka kupanda kilima kidogo, macho na viganja vinakuwa vyeupe, kiu na mkojo vinazidi. Hapo ndipo maneno yanaanza nyumbani: "Ni sumu wamemutilia," "ni wivu wa pale shimoni," "tumupeleke kwa maombi." Miezi inapita. Siku mtu anafikishwa hospitali, mafigo yamekwisha kuchoka.

Ugonjwa wenyewe ni nini

Uboho ni kile kitu laini kilicho ndani ya mfupa, kile watoto wanafyonza wakila mfupa wa mbuzi. Kwa Kifaransa wanaita moelle, na ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wanaita uloto. Humo ndimo damu inatengenezwa: ile nyekundu inayobeba hewa, ile nyeupe inayopigana na magonjwa, na vile vipande vidogo vinavyosimamisha damu mtu akijikata.

Kansere za uboho ziko za aina nyingi. Ile inayojificha ndani ya maumivu ya mgongo inaitwa mieloma. Aina moja ya seli nyeupe, ambayo kazi yake ni kutengeneza kinga ya mwili, inaharibika na kuzaana bila mpango. Inajaza uboho, damu nyekundu inakosa nafasi, mtu anapungukiwa damu. Inakula mfupa kutoka ndani, mfupa unavunjika bila sababu kubwa. Chokaa ya mfupa inamwagika katika damu. Tena seli hizo zinatoa protini mbaya ambayo inaziba mafigo.

Wengi wanaougua wamevuka miaka 60. Lakini huko Marekani waganga wameona kwamba watu weusi wanapata mieloma karibu mara mbili kuliko wazungu, na inawaanza mapema zaidi. Kwa hiyo mtu wa miaka 45 ao 50 asiseme "mimi bado kijana."

Wachimbaji wanauliza sana: je, ni zebaki? Zebaki ile tunaunguza kwa kusafisha dhahabu inaharibu ubongo na mafigo, hilo linajulikana wazi. Haijathibitishwa kwamba inaleta mieloma. Ila mtu ambaye mafigo yake yamekwisha kuumizwa na mvuke wa zebaki, akipata mieloma juu yake, ana shida mbili. Na hapo ndipo diklofenake na ibuprofene zinakuwa hatari, sababu nazo zinapiga mafigo. Dawa ile mtu anameza kwa kutuliza mgongo inaweza kuwa ndiyo inamfungia mlango wa matibabu.

Kwenda nje hakukuanza leo

Mnamo Oktoba 1958, katika kituo cha utafiti wa nyuklia cha Vinča, nchi iliyoitwa Yugoslavia, watu sita walipigwa na mionzi. Uboho wao uliungua. Walipelekwa Paris, kwa munganga Georges Mathé. Wafaransa ambao hawakuwajua kabisa walijitolea kutoa uboho wao, na watano kati ya wale wagonjwa wakatiliwa. Mmoja alikufa, wengine walirudi kwao. Dunia ikaona kwamba uboho wa mtu unaweza kutiwa ndani ya mtu mwingine.

Sisi huku tunajua safari zingine ambazo hazikuisha hivyo. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa anasuluhisha Warundi kule Arusha, alikuwa na lukemia, kansere nyingine inayoanzia ndani ya uboho. Alipelekwa London, akafia kule tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St Thomas', akiwa na miaka 77. Bob Collymore, mkubwa wa Safaricom, ile kampuni ya Kenya yenye M-Pesa, alikuwa na lukemia ya aina kali. Oktoba 2017 alienda kutibiwa Uingereza, akakaa huko miezi mingi, Julai 2018 akarudi kazini. Tarehe 1 Julai 2019 alifariki nyumbani kwake Nairobi. Mmoja alikuwa rais wa zamani, mwingine mkubwa wa kampuni tajiri. Hawakukosa ndege wala makuta. Kansere hizi zinashinda hata wenye uwezo, na yeyote anayeahidi familia kwamba "ukifika tu utapona" hasemi kweli.

Seli za nani?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo familia inapaswa kumuuliza munganga, sababu jibu lake linabadilisha safari yote.

Ndani ya uboho kuna seli mama, zile zinazozaa damu yote. Kwa mieloma, mara nyingi mgonjwa anarudishiwa seli mama zake mwenyewe. Hatafutwi mtoaji, haitakiwi damu ya ndugu. Kwa lukemia nyingi ni kinyume: zinatakiwa seli za mtu mwingine, zinazofanana na za mgonjwa.

Hapo familia zetu kubwa ziko na faida. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja juu ya nne ya kufanana kabisa na mgonjwa. Mwenye ndugu watatu wa namna hiyo ana nafasi kama 58 juu ya 100 ya kupata angalau mmoja. Mwenye ndugu sita, kama 82 juu ya 100. Ndugu wa baba mmoja lakini mama mbalimbali si rahisi wafanane kabisa. Siku hizi waganga wanaweza pia kutumia mtu anayefanana nusu, kama mzazi ao mtoto, lakini kazi yake ni ngumu zaidi.

Asiyepata kwa ndugu anatafutiwa katika orodha ya watu waliojitolea. Katika orodha kubwa ya Marekani, mzungu ana nafasi kama 79 juu ya 100 ya kupata anayefanana naye kabisa. Mtu mweusi ana 29 tu, sababu watu weusi waliojiandikisha ni wachache. Kwa hiyo mgonjwa wa lukemia asipande ndege peke yake na kumwacha nyumbani ndugu ambaye angekuwa dawa yake. Wapimwe kwanza, kisha safari ipangwe.

Namna inavyofanyika

Wengi wanafikiri ni operesheni, mtu anapasuliwa mfupa. Hapana. Kwa mieloma, mgonjwa anaanza na dawa kwa miezi kama minne ao sita, kusudi ugonjwa upungue. Kisha anachomwa sindano siku chache ambazo zinasukuma seli mama kutoka ndani ya mfupa ziingie katika damu. Anaunganishwa kwenye mashine, damu inatoka mkono mmoja, mashine inachuja seli mama, damu inarudi. Ni kazi ya saa nne ao tano, inaweza kurudiwa kesho yake. Seli hizo zinahifadhiwa kwenye baridi.

Baadaye inakuja dawa kali, melfalane, ambayo inaua kansere lakini inaua na uboho pia. Hapo seli zilizohifadhiwa zinarudishwa kupitia mshipa, kama serumu. Kwa siku kumi mpaka kumi na nne hivi mgonjwa hana kinga. Homa ndogo inaweza kumuua. Mdomo unajaa vidonda, nywele zinatoka, anaharisha. Kisha seli mama zinashika, damu inaanza kuzaliwa upya. Katika hospitali zenye mazoea, kati ya wagonjwa 100 wanaofanyiwa hivi, wanaokufa kwa ajili ya tiba yenyewe ni wachache, kama mmoja mpaka watatu.

Faida yake ilipimwa vizuri na Wafaransa. Mnamo 1996 walitangaza matokeo ya wagonjwa 200: katika wale waliopewa dawa za kawaida za wakati ule, 12 juu ya 100 walikadiriwa kuwa hai baada ya miaka mitano. Katika kundi la kurudishiwa seli zao, 52 juu ya 100. Tangu hapo dawa mpya zimekuja na watu wanaishi zaidi. Lakini tuseme wazi: mieloma haiishi kabisa. Inalala. Inaweza kulala miaka mingi, kisha inaamka. Ndiyo maana mgonjwa akirudi anaendelea kumeza kidonge kwa muda mrefu. Familia ambayo imemaliza makuta yote kwenye safari, ikakosa ya kidonge, imelima shamba bila kubakiza mbegu.

Njia imekuwa fupi

Zamani jibu lilikuwa India ao Ulaya tu. Leo haiko hivyo. Mwaka 2021, Hospitali ya Taifa Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza kazi hii ya kupandikiza uloto, na wagonjwa wa mieloma walikuwa ndio wa kwanza. Mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ilianza, kwa watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao huku tunauita SS.

Kwa mtu wa Nundu hii ni habari kubwa. Kutoka Baraka unavuka ziwa mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma reli inaenda mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,200. Hata barabara ya Uvira ikifungwa na vita, ziwa linabaki. Tena kuna jambo ambalo watu hawalihesabu: lugha. Mgonjwa anaongea na munganga wake kwa Kiswahili, anaelewa hatari kabla ya kuweka sahihi, mama mgonjwa-saidizi anaelewa maagizo ya chakula na dawa. Huko India kila neno linapita kwa mkalimani, na mara nyingi mkalimani huyo ndiye anayelipwa kwa kila mgonjwa anayeleta.

India bado ina hospitali nzuri zenye mazoea ya miaka mingi, na inatoa visa ya matibabu kwa mgonjwa na kwa wasindikizaji wawili. Lakini bei ya hospitali si bei ya safari. Mtu anahesabu makumi ya maelfu ya dola za hospitali, anasahau chumba cha kupanga, chakula cha watu wawili kwa miezi mitatu ao minne, na vipimo vya kila juma. Siku mia za kwanza kisha kupandikizwa, mgonjwa anapaswa kukaa karibu na hospitali. Kurudi mapema kwenye mbu na maji ya ziwa yenye kolera, wakati kinga bado ni changa kama ya mtoto mchanga, ni kujitafutia kifo. Hata chanjo za utotoni zinafutika, anapaswa kuchanjwa upya.

Poda chini ya ulimi

Neno "cellules souches" limeingia sokoni. Kuna poda za kuweka chini ya ulimi na vidonge vya bei kubwa, vinauzwa mkono kwa mkono na watu wanaokualika wewe pia uwe muuzaji. Wanasema vinatibu sukari, presha, kansere, hata utasa. Seli mama ni kitu hai. Inahifadhiwa kwenye baridi na kuingizwa katika mshipa. Haiwezi kuishi ndani ya pakiti iliyokaa miezi kwenye joto la duka la Baraka. Poda hiyo hata kama haiui, inakula makuta na wakati, na kwa mieloma wakati ni mafigo.

Ujanja huo uko hata nje. Kuna kliniki zinazochoma "seli mama" kwa kila ugonjwa: kupooza, macho, magoti, uzee. Nchini India kwenyewe, maagizo ya serikali ya mwaka 2017 yanasema kwamba nje ya magonjwa yale ya damu na uboho ambapo tiba hii imethibitishwa, seli mama zinaruhusiwa kwenye utafiti tu, si kwa kuuzwa kama tiba. Mtu akikuambia anatibu kila kitu kwa seli hizo, funga mfuko wako.

Baraza la familia

Kwetu ugonjwa mkubwa ni wa ukoo mzima. Wanakaa wajomba, baba wadogo, mashangazi, mara na PDG wa shimo ao negosian anayetaka kununua haraka kwa bei ya chini. Uamuzi wa kuuza unachukuliwa jioni moja, na machozi yako machoni. Kabla ya mkono kuweka sahihi, familia iwe na majibu ya maswali haya, tena kwenye karatasi:

– Ugonjwa una jina? Nani alipima uboho wenyewe, na karatasi iko wapi? Bila hiyo, hakuna hospitali ya kweli inayoweza kusema bei.

– Mafigo na moyo vinafanya kazi kiasi gani? Mgonjwa anaweza kuvumilia ile dawa kali? Kwa mzee sana ao aliyechoka sana, waganga wenyewe wanashauri dawa za kawaida bila kupandikiza.

– Zinatakiwa seli zake ao za ndugu?

– Ile miezi minne ao sita ya dawa za kwanza, inaweza kufanyika karibu na nyumbani, kusudi makuta ya safari yabaki kwa kazi ya mwisho?

– Kisha kurudi, nani atalipa kidonge na vipimo, na kwa muda gani?

– Kama makuta yatakatika katikati, tutasimama wapi?

Swali la nne watu wengi hawalijui. Tangu 2019, Shirika la Afya Duniani limeziweka dawa za mieloma katika orodha ya dawa za lazima: bortezomibe, lenalidomide, talidomide, melfalane. India inazitengeneza kwa bei ya chini kuliko zile za Ulaya. Butaro, kule Rwanda, kuna kituo cha kansere tangu 2012. Kampala kuna kingine, tangu 1967. Kwa hiyo mtu ambaye hatapandikizwa hajahukumiwa kufa kesho. Vidonge vizuri, vikifuatiwa na munganga, vinaweza kumpa miaka. Angalizo moja: talidomide na lenalidomide haziguswi na mwanamke mwenye mimba, zinalemaza mtoto tumboni. Zifungiwe mbali na dawa za nyumba.

Inaanzia Nundu

Hospitali kubwa ya Nundu, ile iliyoanzishwa na wamisionari wa Methodiste Libre, haipandikizi uboho, na hakuna anayeiomba hivyo. Lakini mlango wa kwanza ni hospitali ya rejea kama hiyo. Kipimo cha damu kuonyesha kama imepungua, kipimo cha mafigo kinachoitwa kreatinine, na radio ya mgongo ao ya mbavu pale inapopatikana: hivyo ndivyo vinamfanya munganga ashituke na kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa mbele. Mara nyingine kitaonekana kifua kikuu cha mfupa, ambacho kinafanana sana na huu ugonjwa na kina dawa ya kukiponyesha kabisa. Mara nyingine itakuwa kazi ya shimo tu, na mtu atarudi nyumbani akicheka.

Mgongo ukiuma zaidi ya majuma manne, ukiuma hata usiku, na mwili unapungua: acha kujinunulia diklofenake, mwambie mkubwa wa shimo unapumzika siku mbili, nenda upimwe. Bei ya vipimo hivyo haifikii hata kipande kidogo cha makuta ambayo ukoo utauza baadaye kwa kumtafuta mtu aliyechelewa. Na mama wa nyumba, wewe ndiye unamsikia akigeuka kitandani usiku kucha: usingoje yeye aseme.